Saa Moja ya Mkono na Bei Yake



Ndugu zangu wapendwa, juma lililopita, siku chache baada ya kuanua matanga katika nyumba moja ya jumuiya zetu ndogo ndogo, ndugu wawili walifika ofisini kwangu wakiwa hawasemezani. Marehemu baba yao aliacha shamba, nyumba na baiskeli, na juu ya hayo yote walikwisha kupatana. Kilichowashinda ni saa ya mkono. Ni saa ya zamani, ya kutia ufunguo, ambayo mzee alizawadiwa siku ya kustaafu kazi. Kioo chake kimekwaruzika na mkanda wake umebadilishwa mara nyingi. Mdogo alitaka kuivaa. Mkubwa alitaka iuzwe na fedha zigawanywe, kwa sababu alikuwa amesoma katika simu yake kwamba saa kuukuu ya mwigizaji mmoja wa sinema huko Marekani iliuzwa kwa dola milioni kumi na saba. "Baba Paroko," aliniambia, "huenda tumekalia mali bila kujua."

Nilimweleza pale pale kwamba saa ya marehemu si ya aina hiyo, na nadhani hata yeye alilijua hilo. Lakini habari ya saa ile ya Marekani ilinikaa kichwani. Nimeisoma juma zima, usiku baada ya Masifu ya Jioni, na nimeona si vibaya kuwashirikisha, maana ni historia ya kweli na inagusa mambo ambayo kila familia huyapitia mtu anapofariki dunia.

Kwanza niseme neno juu ya saa zenyewe. Kanisa lina mkono wake katika jambo hili, maana wamonaki wa Ulaya ndio waliohitaji mno kujua saa za sala, mchana na usiku, na kengele za monasteri zilipanga siku za watu wengi kabla mashine za saa hazijawekwa minarani. Sala zile ziliitwa kwa majina ya Kilatini yenye maana ya saa ya tatu, ya sita na ya tisa, zikihesabiwa tangu kuchomoza kwa jua. Sisi tunaosema Kiswahili hatuhitaji kufafanuliwa. Mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, walioajiriwa saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja, tunausoma kama habari ya jana. Wazungu ndio wanaolazimika kukokotoa. Saa iliyotengenezwa Uswisi inapoonyesha saba asubuhi, mkulima wetu huitazama na kusema ni saa moja, naye hakosei.

Geneva ulikuwa mji wa wafua dhahabu kabla haujawa mji wa saa. Calvin aliporejea huko mwaka 1541 na mji kuingia katika nidhamu kali ya Mageuzi, mapambo ya anasa yalichukiwa, na inasimuliwa kwamba mafundi wale walihamishia ustadi wao kwenye saa, kwa kuwa saa ilihesabiwa kuwa chombo cha kazi na si pambo. Kufikia mwaka 1601 watengenezaji wa saa wa Geneva walikuwa na chama chao rasmi. Huwa natabasamu kidogo ninapofikiri kwamba pambo la gharama kuliko yote katika mikono ya matajiri wa leo lilipata nguvu katika mji uliokusudia kukomesha mapambo.

Kwa karne nyingi saa ilikaa mfukoni. Saa ya mkononi ilidhaniwa kuwa kitu cha wanawake, aina ya bangili. Mwaka 1904 Louis Cartier wa Paris alimtengenezea rafiki yake Alberto Santos-Dumont, rubani kutoka Brazili, saa ya kufunga mkononi, kwa kuwa rubani hawezi kuachia usukani ili apekue mfuko wa koti. Kisha vikaja Vita Kuu vya Kwanza. Askari aliyekuwa handakini, akingoja dakika ya kuruka ukingo pamoja na wenzake, hakuwa na nafasi ya saa ya mfukoni. Vita vilipokwisha hakuna aliyethubutu tena kuicheka saa ya mkononi.

Katika miaka hiyo hiyo alikuwako Hans Wilsdorf, Mjerumani aliyezaliwa Kulmbach mwaka 1881 na kubaki yatima angali mtoto. Mwaka 1905 alianzisha biashara ya saa London. Mwaka 1908 akasajili jina la Rolex. Baada ya vita akahamia Geneva. Mkewe alifariki mwaka 1944, nao hawakuwa na mtoto. Mwaka uliofuata Wilsdorf aliunda wakfu wenye jina lake, na baada ya kifo chake mwaka 1960 kampuni ikawa mali ya wakfu huo, kama ilivyo hadi leo. Yafaa kulikumbuka hili, maana watu wengi hudhani kuna ukoo fulani unaotajirika kwa kila saa ya Rolex inayouzwa.

Sasa tuifikie saa yetu. Mwaka 1963 Rolex ilitoa saa ya mkono yenye vitufe viwili pembeni na vijisaa vitatu vidogo usoni, ya kupimia muda wa mbio za magari. Ikaitwa Daytona, kwa jina la uwanja wa mbio wa Florida. Haikununuliwa sana. Zaidi ya hapo, baadhi ya saa hizo zilitiwa uso wa namna ya pekee: rangi mbili au tatu zinazopingana, na ndani ya vile vijisaa vidogo tarakimu za mtindo wa zamani na vijistari vyenye vichwa vya mraba. Wateja hawakuupenda uso huo. Saa zilikaa madirishani, na wenye maduka waliziuza kwa shida, kwa dola mia mbili na ushee. Naomba msomaji alishike hilo: saa inayogombewa leo ilikuwa adimu kwa sababu watu hawakuitaka, na kisichotakiwa hakitengenezwi kwa wingi.

Mmoja kati ya wachache walionunua uso huo alikuwa Joanne Woodward, mwigizaji, mke wa mwigizaji Paul Newman. Walioana Januari 1958. Mwaka 1968, Newman alipokuwa akijiandaa kuigiza filamu ya mbio za magari, alianza kuzipenda mbio zenyewe, akawa dereva wa mashindano kwelikweli. Mwaka 1979, akiwa na miaka 54, yeye na wenzake walishika nafasi ya pili katika mbio za saa ishirini na nne za Le Mans huko Ufaransa. Mke gani angelala usingizi? Miaka michache kabla ya hapo mumewe alikuwa ameanguka na pikipiki na kuumia. Basi mama yule alimnunulia ile saa katika duka la Tiffany mjini New York, akaagiza mgongoni mwake yachorwe maneno matatu tu ya Kiingereza, ambayo kwa lugha yetu ni haya: Endesha kwa uangalifu. Mimi.

Hakuandika jina lake. Aliandika "mimi". Mtu huandika hivyo pale tu ambapo hakuna haja ya kujitambulisha, kwa sababu anayesoma anamjua mwandishi kuliko anavyojijua mwenyewe. Newman aliivaa saa hiyo miaka na miaka, kazini na nyumbani, na picha nyingi zinamwonyesha nayo.

Katika majira ya joto ya mwaka 1984, kijana mmoja mwanafunzi, aliyekuwa mpenzi wa binti yao Nell, alikuwa akitengeneza kibanda cha watoto kilichojengwa juu ya mti nyumbani kwa Newman, Westport. Newman akamwuliza ni saa ngapi. Kijana akajibu hajui, maana hana saa. Newman akavua yake akampa, akamwambia kwamba akikumbuka kuitia ufunguo kila siku, itamwonyesha saa vizuri. Mambo yakaisha hapo, bila karamu wala hati.

Wengine wamemlaumu mzee huyu kwa kutoa zawadi ya mkewe kirahisi hivyo. Mimi simlaumu. Mwaka uliotangulia mkewe alikuwa amempa Daytona nyingine, na pengine aliona mtu mmoja hahitaji saa mbili. Huyu ndiye aliyekuwa ameanzisha mwaka 1982 kampuni ya mchuzi wa saladi na vyakula vingine kwa sharti kwamba faida yote iende kwa wenye shida, na mamia ya mamilioni ya dola yametolewa kwa njia hiyo. Mkono wake ulikuwa umezoea kuachia.

Kijana aliivaa saa kama saa. Wakati huo huo, mbali na macho yake, dunia ilikuwa ikibadilika. Desemba 1969 Wajapani walikuwa wameanza kuuza saa ya mkono ya betri isiyopoteza hata dakika moja kwa mwaka, na tasnia ya Uswisi ikaporomoka: wafanyakazi wake walikuwa takriban 90,000 mwaka 1970, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 wamebaki karibu theluthi moja. Viwanda vilifungwa, mafundi wengi wakapoteza kazi. Lakini hapo ndipo palipotokea jambo ambalo wachumi hawakulitabiri. Saa ya ufunguo, ilipokwisha kupoteza kazi yake, ikapata mapenzi. Watu waliokuwa na fedha walianza kuitafuta kwa sababu ile ile iliyoiua, yaani ni kazi ya mikono na haina haja ya betri. Wakusanyaji, hasa wa Italia, wakaziokota zile Daytona zilizokataliwa na kuziita kwa jina la mwigizaji waliyemwona nazo pichani. "Paul Newman" likawa jina la uso wa saa. Mwaka 1988 Rolex ikatoa Daytona mpya inayojitia ufunguo yenyewe, na kwa mara ya kwanza watu wakapanga foleni ya miaka ili kuipata.

Siku moja katika miaka ya 1990, mtu asiyemfahamu alimwonyesha yule kijana kidole mkononi akitaja kwamba amevaa Paul Newman. Alishangaa: huyu amejuaje imetoka kwa nani? Hakuwa anajua. Alikuwa anataja aina. Mwenye saa ndipo akaelewa kwamba duniani kulikuwa na Paul Newman nyingi, na kwamba yeye anayo ya Paul Newman. Baada ya muda aliacha kuivaa, akaiweka mahali pa usalama. Nalisoma jambo hili kwa huzuni kidogo. Kwa miaka mingi saa ilikuwa ikimtumikia. Siku alipoijua thamani yake, yeye ndiye akaanza kuilinda.

Tarehe 26 Oktoba 2017, miaka tisa baada ya kifo cha Newman, saa hiyo iliwekwa mnadani na kampuni ya Phillips mjini New York. Wanadi walikuwa wametaja makisio ya zaidi ya dola milioni moja. Mtu wa kwanza kutoa bei, kwa njia ya simu, alitaja milioni kumi, na ukumbi ukapigwa na butwaa. Baada ya dakika kama kumi na mbili nyundo ilishuka, na pamoja na ada ya mnada jumla ikawa dola 17,752,500. Hakuna saa ya mkono iliyokuwa imewahi kuuzwa mnadani kwa bei hiyo. Sehemu ya fedha ilikwenda kwa wakfu wa Nell Newman, unaojishughulisha na utunzaji wa mazingira. Aliyeinunua hakutajwa. Rekodi hiyo ilivunjwa Novemba 2019 huko Geneva, saa ya Patek Philippe iliyotengenezwa moja tu ilipouzwa faranga za Uswisi milioni 31 kwa ajili ya utafiti wa ugonjwa wa misuli unaowapata watoto.

Hapa sina budi kusema ninachofikiri. Tofauti ya bei kati ya Daytona ya uso huo ambayo haikuvaliwa na mtu maarufu, na hii, haiko katika chuma wala katika mashine, maana ni zile zile. Iko katika mkono uliovaa na katika maneno yale ya mgongoni. Yaani kilichonunuliwa kwa mamilioni ni hofu ya mke kwa ajili ya mumewe. Na hicho ndicho ambacho mnunuzi hakuweza kuondoka nacho. Anapoigeuza saa usiku akasoma "mimi", huyo mimi si wake.

Mambo kama hayo yametokea hata kwa watu walio karibu nasi zaidi. Sultani Qaboos bin Said wa Oman, aliyetawala tangu Julai 1970 hadi alipofariki Januari 2020, na ambaye Waswahili wengi wenye asili ya Oman waliokuwa Unguja na bara humkumbuka kwa kuwafungulia mlango wa kurudi, aliagiza kupitia duka la Asprey la London saa za Rolex zenye nembo ya nchi yake usoni: jambia juu ya panga mbili. Hazikuuzwa dukani. Alizitoa zawadi kwa waliomtumikia, wakiwamo askari wa Uingereza waliopigana upande wake katika vita vya Dhofar. Leo saa za jambia nazo ziko minadani, na wakusanyaji huzisaka kote. Shukrani ya sultani imepata bei, na mara nyingi wauzaji ni wajukuu.

Uadimu wa zamani ulikuja wenyewe. Wa siku hizi hupangwa mezani. Mfano ulio wazi ni saa ya Patek Philippe iitwayo Nautilus, iliyobuniwa na Gérald Genta na kutolewa mwaka 1976. Januari 2021 kampuni ilitangaza kuacha toleo lake lililotafutwa mno. Kisha Desemba mwaka huo ikatoa toleo maalumu la kuaga, lenye uso wa rangi ya samawati ya duka la Tiffany, saa 170 tu, kwa kuadhimisha miaka 170 ya ushirika wao tangu 1851. Bei ya dukani ilikuwa dola 52,635. Moja kati ya hizo ilipigwa mnada kwa manufaa ya hifadhi ya mazingira, ikauzwa kwa dola 6,503,500. Na hizo nyingine, hata ukiwa na fedha mkononi, hukuweza kuingia dukani ukanunua. Muuzaji ndiye aliyemchagua mnunuzi. Mtindo huu umeenea katika biashara hiyo: mteja hujionyesha, hununua kwanza vitu asivyovihitaji, husubiri, husalimia, hutuma kadi za sikukuu, ili siku moja aitwe. Nilipoyasoma nilikumbuka jinsi tunavyowanung'unikia watu maskini kwa kunyenyekea ofisini kwa wakubwa. Kumbe tajiri naye ana dirisha lake la kusubiria. Mwaka 2022 bei katika soko la mitumba ya saa hizo zilianza kushuka, na waliokuwa wamenunua kwa kutazamia faida wakajikuta wameshika chuma.

Sisemi kwamba kukusanya saa ni dhambi. Wapo wanaozipenda kama wengine tunavyopenda vitabu, wanaojua jina la kila gurudumu, na kwa upendo wao ufundi wa karne nne haukufa. Fundi anayeketi siku nzima akisugua ukingo wa kipande kisichoonekana kwa macho, mahali ambapo mwenye saa hatafungua kamwe, ananifundisha kitu juu ya uaminifu. Kinachonisumbua ni saa inayofungiwa kabatini, isiyotiwa ufunguo, akrabu zake zimesimama palepale iliposimama siku ya kununuliwa.

Ile Daytona ya pili, ambayo mama Joanne alimpa mumewe mwaka 1983, ilirithiwa na binti yao mwingine, nayo ikauzwa New York Desemba 2020 kwa dola 5,475,000. Mgongoni ilikuwa imeandikwa: Endesha polepole. Joanne. Na Juni 2023, vitu vya nyumba yao vilipopigwa mnada na Sotheby's, ilitokea nyingine tena, ya dhahabu nyeupe, aliyopewa uzeeni akiwa bado hajaacha magari. Iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja. Hiyo iliandikwa: Endesha polepole sana. Joanne.

Niliwasimulia hayo wale ndugu wawili Jumatano, tukiwa na mama yao. Mama alisikiliza hadi mwisho, akaomba apewe saa aishike. Akasema marehemu alikuwa akiivua kila usiku na kuiweka juu ya kitabu cha nyimbo, na kwamba usiku huu wa pili wa upweke ndio alioona kwamba nyumba haina mlio. Wanawe hawakusema neno. Hawajapatana bado, wameniomba niitunze hadi Jumapili ya pili, watakapokutana na shangazi yao. Iko mezani kwangu ninapoandika. Naitia ufunguo kila asubuhi kabla ya Misa, na kila siku inachelewa dakika nne.